Maji Ndiyo Yanayolishinda Basi Kilimani

Ndugu wakulima, basi linaposhindwa kupanda kilima, sisi abiria humlaumu dereva kwanza, kisha mwenye basi, na mwisho twailaumu Serikali. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: maji yaliyoichimba barabara hii yametoka wapi? Napenda tuulize swali hilo mwezi huu, kwa kuwa jibu lake liko karibu na milango yetu.

Sisi wa pande za Homa Bay na Migori twakaa katika nchi ya vilima. Vilima vya Gwassi ni mabaki ya volkeno ya kale iitwayo Kisingiri. Ziwa liko meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini vilele vya Gwassi vyapita meta 2,000. Katikati kuna Bonde la Lambwe, lenye udongo mweusi unaonasa magurudumu mvua ikinyesha. Mkulima wa skimu ya makazi atakaye kupeleka mahindi sokoni hana njia ya kuukwepa mteremko au tope. Hata ndugu zetu wa kisiwa cha Takawiri, ambao usafiri wao ni mashua, wanaguswa na jambo hili. Omena wao wakivushwa mpaka bara huchukuliwa kwa motokaa kama mahindi yetu.

Tufanye hesabu kidogo, kama ile ya shuleni. Chukua kilima kinachopanda meta moja kwa kila meta 10 za njia. Basi lenye uzito wa tani 10 likipanda hapo, injini yapaswa kuvuta nguvu sawa na kuinua tani nzima, mbali na msuguano wa barabara yenyewe. Sasa tia magunia 30 ya mahindi juu ya basi hilo. Gunia moja ni kilo 90, kwa hiyo magunia 30 ni kilo 2,700, karibu sawa na abiria 40 wengine. Katika kilima kile, ni kama injini imeongezewa magunia matatu ya kuinuliwa wima bila kupumzika mpaka juu. Nahodha wa mashua ya Takawiri huutazama ukingo wa chombo chake ulivyokaribia maji, na akiona umeshuka mno hukataa mzigo. Basi halina ukingo wa kutuonyesha, ndiyo maana twazidi kupakia.

Lakini uzito peke yake hauelezi yote. Basi lile lile, lenye mzigo ule ule, hupanda mwezi wa Februari na kukwama mwezi wa Aprili. Injini haikubadilika, kilima hakikuongezeka. Kilichobadilika ni barabara. Changarawe imechukuliwa na maji, udongo wa chini umebaki wazi na unateleza, na katikati ya njia pamechimbika makorongo. Dereva anayefika kwenye korongo hapana budi apunguze mwendo, pengine asimame. Basi likishasimama kilimani, kuanza tena ni kazi ngumu kuliko kupanda kwenyewe. Klachi inaungua, magurudumu yanazunguka pale pale, na utingo anakimbia nyuma na jiwe la kukinga gurudumu. Abiria wanashuka, magunia yanashushwa, na saa mbili au tatu zinapotea.

Hasara ya hapo haiishii kwa mwenye basi. Mnunuzi wa mahindi anazijua njia zetu vizuri. Akijua kwamba basi halipandi kwenu wakati wa mvua, anakuja na lori lake siku moja na kutaja bei aitakayo, naye mkulima anakubali kwa sababu hana njia nyingine. Kwa hiyo barabara mbovu hukata bei ya kila gunia kabla halijatoka ghalani. Na mgonjwa naye, au mama anayetaka kujifungua, hangojei barabara ikauke.

Basi, maji hayo yametoka wapi? Sehemu ndogo ni mvua iliyoanguka juu ya barabara yenyewe. Sehemu kubwa hutoka mashambani juu ya barabara. Mtu akilima kwa kuelekea chini ya mteremko, kila mstari wa jembe huwa mfereji wa kuteremsha maji. Mwingine hulima mpaka ukingoni, na kuufukia mtaro wa barabara apate mistari miwili zaidi ya mahindi. Maji hayo hayaendi matupu. Huchukua udongo wa juu, ule wenye rutuba na wenye mbolea mliyoinunua kwa fedha. Yule anayeiona barabara imechimbika mbele ya shamba lake na aelewe kwamba shamba nalo limepungua.

Hapa najua mkulima wa upande wa chini atasema, "Na mimi je? Barabara hunimwagia maji shambani mwangu!" Ana haki kusema hivyo. Watengenezaji wa barabara huchimba mifereji ya kuyatoa maji pembeni, na mara nyingi mifereji hiyo huishia katika shamba la mtu bila ya yeye kuulizwa. Mahindi yake yanalazwa na korongo linaanza. Naye, kwa hasira, huuziba mfereji kwa mawe na udongo. Maji yakikosa pa kutokea hurudi barabarani na kuifuata mpaka chini, na msimu ukiisha hakuna njia tena. Wa juu amekosa, aliyechimba mfereji bila kuuliza amekosa, na wa chini ameziba. Wote watatu hukutana ndani ya basi lililokwama.

Dawa ya ugomvi huu ni kuyapangia maji mahali pa kwenda. Kwa wa juu, kuna njia iliyozoeleka nchini Kenya, nayo inajulikana duniani kwa jina lake la Kiswahili: fanya juu. Mtaro huchimbwa kwa kufuata usawa wa ardhi, na udongo wake hutupwa upande wa juu ili uwe tuta. Juu ya tuta hupandwa majani ya ng'ombe, na miaka ikipita shamba hujitengeneza kama ngazi. Kwa wa chini, maji ya barabara yaweza kuwa mali. Huko Makueni na Kitui, ambako mvua ni haba, wako wakulima wanaoyaongoza maji ya barabara hadi kwenye mitaro na mashimo ya migomba na miti ya matunda. Maji yakigawanywa kidogo kidogo, kwa mifereji mingi, huwa baraka. Yakitolewa yote kwa mfereji mmoja, huwa adui. Kabla ya kuchimba, mwiteni Bwana Shamba awapimie usawa, kwa sababu mtaro uliochimbwa kwa kukisia waweza kuzaa korongo jipya.

Wengine watasema kuwa barabara ni kazi ya Serikali, sisi twalipa ushuru. Ni kweli, wala sitaki mtu aache kudai haki hiyo. Ushuru wa mafuta kwa ajili ya kutunza barabara ulianza mwaka 1993, na mwaka 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Unaponunua tikiti ya basi, sehemu ya ushuru huo imo ndani ya nauli yako. Mamlaka ya Barabara za Vijijini iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na serikali za kaunti nazo zina barabara zao. Andikeni barua, nendeni mikutanoni, ulizeni barabara yenu iko katika orodha ya nani na imetengewa kiasi gani. Lakini katapila likija kuparura njia na kumwaga changarawe, mvua moja kubwa yaweza kuichukua kazi yote ikiwa mitaro imezibwa. Hapo tutakuwa tumelipia changarawe ya kumwagwa mtoni.

Tukumbuke pia kwamba Kenya ilikwisha kujaribu njia nzuri. Mwaka 1974 ulianza mpango wa kujenga barabara za vijijini kwa mikono ya wenyeji, kwa majembe, sururu na mikokoteni, wakilipwa ujira. Barabara ikiisha, mtu mmoja wa hapo hapo alipewa kipande cha kilomita moja na nusu hadi mbili akitunze. Kazi yake ilikuwa kuzibua mitaro na kalvati, kufyeka majani, na kujaza mashimo yangali madogo. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho kamati ya kila skimu yapasa kukidai: mtunza barabara mmoja kwa kila kilima, anayelipwa, na anayejulikana kwa jina na watu wa hapo. Shimo la leo hujazwa kwa karai mbili. Likiachwa mwaka mzima, lataka lori.

Mtu asidhani mtaro uliozibwa ni jambo dogo. Tarehe 29 Aprili 2024, huko Old Kijabe karibu na Mai Mahiu, maji ya mvua yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani kwa sababu njia yake ya kupitia chini ya tuta ilizibwa na takataka na udongo. Tuta likapasuka usiku, na watu zaidi ya 40 wakafa. Maji ni yale yale, tofauti ni ukubwa tu.

Na tunapokuwa safarini, tuwe na adabu ya kilima. Magunia mengi yapelekwe pamoja kwa lori kupitia chama cha ushirika, basi libaki la watu na mizigo yao midogo. Dereva akiomba tushuke mahali pa mteremko mkali, tushuke bila kununa. Na kwenye kushuka, madereva washike gia ile ile ambayo wangepandia, kwa kuwa breki zikitumika peke yake mteremko mrefu hupata moto na kukosa nguvu. Julai 2022 basi lilianguka kutoka daraja la Nithi, mahali ambapo barabara hushuka kwa ukali, na watu zaidi ya 30 walikufa. Abiria anayemwona dereva akishuka kwa kasi ili afidie muda uliopotea kwenye tope ana haki ya kumkemea.

Mvua ndefu huanza mwezi wa Machi. Kabla hazijafika, kila mmoja wetu na atembee kando ya shamba lake, upande ule wa barabara, atazame maji yatapita wapi. Wa juu na wa chini wakutane mahali hapo, na majembe yao mikononi, wakubaliane. Wakishakubaliana, kamati iandike jina la mtunza barabara na kulipeleka ofisini. Ombi la namna hiyo, likiletwa na watu ambao mitaro yao imekwisha kuzibuliwa, ni gumu sana kukataliwa.