Hodi Bila Karibu

Rafiki yangu mmoja, msomaji hodari asiyetishwa na kitabu kinene, alinirudishia riwaya niliyomwazima huku amekunja uso. "Nimeimaliza," akasema, "lakini hebu niambie, wenyewe wako wapi?"

Riwaya hiyo ni Rendezvous with Rama ya Mwingereza Arthur C. Clarke, iliyotoka mwaka 1973. Mambo yake yanatokea katika karne ya 22. Rada zinazoilinda Dunia dhidi ya mawe ya angani zinaona kitu kikija kutoka kwenye giza lililo kati ya nyota. Kinapewa jina la Rama, kwa kuwa wanafalaki wamekwisha kumaliza majina ya miungu ya Wayunani na Warumi, na sasa wanachota kwa Wahindu. Kinapokaribia, kumbe si jiwe. Ni silinda laini yenye urefu wa kilomita 50 na kipenyo cha kilomita 20, inayojizungusha mara moja kila dakika nne. Endeavour, chombo cha Nahodha Bill Norton, ndicho pekee kilicho karibu kiasi cha kuiwahi. Mabaharia wake wanaingia, wanakuta nchi nzima imekunjwa ndani ya pipa, wanaichunguza kwa muda mfupi walio nao, kisha wanatoka. Walioiunda hawaonekani. Rama inalipita Jua na kwenda zake.

Swali la rafiki yangu nimelisikia kwa wengi. Hata wanaoisifu riwaya hii huisifu huku wakiiombea radhi: fikra kubwa, hadithi ndogo. Mimi naipenda mno kuyaacha maneno hayo yapite bila jibu. Lakini mpinzani ana haki ya kusikilizwa kwanza, tena asikilizwe pale hoja zake zilipo na nguvu. Lalamiko lake lina sehemu tatu.

Kwanza, hakuna kinachotokea. Watu wanatembea, wanapima, wanaandika taarifa, wanarudi kulala. Pili, wahusika ni wembamba. Ukiwafumba majina, huwezi kumtofautisha luteni huyu na yule kwa namna anavyosema. Tatu, mwisho ni deni lisilolipwa. Mwandishi aliyefunga fumbo kwa kurasa zote hizo ana wajibu wa kulifungua, na asipolifungua, ama halijui jibu ama anatucheza shere.

Hoja hizi hazitupwi hivi hivi. Nakiri mapema kwamba ile ya pili ina ukweli mwingi. Norton ana mke Duniani na mwingine Mirihi, nasi hatuwajui wote wawili kwa lolote la maana. Zipo pia kurasa zinazowatazama mabaharia wa kike kwa jicho lililochakaa. Wala sitajificha nyuma ya tuzo: ni kweli riwaya ilishinda Hugo na Nebula, lakini tuzo ni sifa, haiwezi kusimama mahali pa hoja. Pamoja na hayo yote, hukumu ya jumla imekosea, kwa sababu inapima kitambaa kwa kibaba. Nitajibu sehemu moja moja.

1. Kwamba hakuna kinachotokea

Anayesema hivi anahesabu matukio ya miguu na mikono tu. Nayo yapo: kijana Jimmy Pak anaruka kwa baiskeli yenye mabawa katikati ya pipa, anaanguka upande wa mbali, na inambidi ajitupe kutoka kwenye genge la mita 500 huku ameshikilia shati lake liwe mwamvuli. Lakini matukio makubwa ya kitabu hiki ni ya akili, na hayo yana mashaka na mapigo yake ya moyo.

Chukua mfano mmoja. Ndani ya Rama kuna bahari iliyozunguka kama pete, yenye upana wa kilomita kumi, imeganda barafu. Kingo zake hazilingani. Genge la upande wa kaskazini lina mita 50, la kusini mita 500. Kwa nini? Mjenzi aliyejenga kila kitu kwa ulinganifu wa kutisha, mbona hapa amepotoka? Jibu linapatikana kwa kufikiri tu. Chombo kikiongeza mwendo kuelekea kaskazini, maji yatabaki nyuma na kujilundika kusini, kama chai inavyopanda ukingo wa kikombe gari linapoondoka. Basi ule ukuta mrefu umejengwa ili bahari isimwagike. Kwa kulitazama genge, wanajua kwamba Rama ina injini ingawa hawajaiona, wanajua itasukuma kuelekea wapi, na wanaweza kukadiria nguvu ambayo mjenzi hakutarajia ivukwe.

Mfano wa pili ni barafu yenyewe. Rama inapolikaribia Jua, joto linapenya ganda lake kutoka nje. Kwa hiyo bahari inayeyuka kuanzia chini, na hewa iliyopata joto kwenye sakafu inaanza kupanda kuelekea kwenye mhimili. Hewa ya sakafuni inazunguka kwa kasi, ile ya mhimilini imetulia. Zikichanganyika, kitazaliwa kimbunga. Onyo linafika kutoka kwa mtaalamu aliye mbali na hatari, na Norton anawaondoa watu wake. Hakuna aliyepiga risasi wala aliyefukuzwa na dubwana, lakini nimesoma sura hizo nikiwa nimekaa ukingoni mwa kiti. Ukisema hakuna kinachotokea, umesahau kuhesabu kuelewa kuwa ni tukio.

2. Kwamba wahusika ni wembamba

Nimekwisha kukiri kwamba mazungumzo yao hayana rangi nyingi. Ila kuna njia mbili za kumjua mtu: kwa maneno anayoyasema juu ya nafsi yake, na kwa anachokifanya akiwa peke yake penye mali ya mwingine. Clarke amechagua ya pili.

Jimmy Pak, akiwa amekwama upande wa kusini na hajui kama ataokolewa, anakuta ua moja. Anajipenyeza hadi lilipo na kulichuma, kisha moyo unamsuta. Norton anakataa kwa muda mrefu kuvunja majengo yaliyofungwa, na siku zinapomwishia na kuruhusu jengo moja likatwe kwa leza, anafanya hivyo kwa aibu ya mgeni anayelazimika kusukuma mlango. Na watu wa Zebaki, wanaohofia kwamba Rama inakuja kutawala njia za karibu na Jua, wanapoituma roketi yenye bomu la nyuklia, Boris Rodrigo, mtu wa dini miongoni mwa mabaharia, anamwendea nahodha wake kwa utulivu na kumwambia kwamba jambo hilo halifai. Kisha anatoka mwenyewe kwenda kukata nyaya za bomu.

Tuwatendee haki watu wa Zebaki pia, kwa kuwa Clarke amewatendea. Hofu yao ina mantiki. Chombo kile kingeweza kweli kusimama mlangoni kwao, na wao ndio wangeumia kwanza. Norton hana ushahidi wa kuwakanusha. Ana uamuzi tu: kuharibu kazi ya watu ambao hata hajui kama wapo, au kubeba hatari ya kuiacha. Anaiacha. Mhusika anayeweza kufanya hivyo sitamwita mwembamba. Nitamwita mkimya, na wakimya tunawafahamu majumbani mwetu.

3. Kwamba mwisho ni deni lisilolipwa

Hapa ndipo penye kiini cha ugomvi, na hapa ndipo swali la rafiki yangu lilipojijibu bila yeye kujua. "Wenyewe wako wapi?" Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia mlangoni: hodi, wenyewe! Na kila aliyelelewa pwani amefunzwa adabu yake. Unapiga hodi mara ya kwanza, unangoja. Unapiga ya pili, unangoja. Unapiga ya tatu, na usipoitikiwa, unageuka unarudi ulikotoka. Huna haki ya kudai kwamba mwenye nyumba ajitokeze kwa kuwa wewe umetembea mbali. Asiyeitikia naye amejibu.

Sidai kwamba Clarke aliijua desturi hii. Ni sadfa tu, ingawa ni sadfa tamu, kwamba wajenzi wa Rama wanafanya mambo kwa tatu: milango mitatu ya kuingilia, ngazi tatu, viumbe-mashine wenye miguu mitatu. Ninachodai ni kwamba msomaji aliyelelewa na hodi ana ufunguo wa kitabu hiki mkononi.

Tena si kweli kwamba tunatoka mikono mitupu. Katika lile jengo lililokatwa, mabaharia wanakuta nguzo za kioo zenye taswira za vifaa vya kila namna, na kati ya hivyo limo vazi lililokatwa kwa mwili wenye mikono mitatu. Tunajua kimo cha uangalifu wao: wanaweka akiba ya kila kitu, na akiba ya akiba. Tunajua wana subira ya safari zinazopita umri wa mataifa. Kuna majirani tulioishi nao miaka kumi tukiwajua kwa uchache kuliko huo.

Lililo zito zaidi ni kitendo cha mwisho cha Rama. Inalikaribia Jua, inachota nishati yake, inageuza njia na kutoweka kuelekea Wingu Kubwa la Magellan. Wanadamu walikuwa wamegawanyika kati ya waliotarajia mkombozi na waliotarajia adui. Wote walikubaliana jambo moja tu, kwamba mgeni amekuja kwa ajili yao. Kumbe alikuwa msafiri anayeteka maji kisimani na kuendelea na njia, bila kuuliza jina la kijiji. Hilo ndilo jibu la fumbo, nalo limetolewa wazi. Tunalikataa kwa sababu halitutaji.

Je, ingekuwa vizuri zaidi kama milango ingefunguliwa? Katika mabishano mengi ya fasihi tungebaki kukisia. Hapa jaribio limekwisha kufanyika, tena mara mbili. Kwanza, Clarke pamoja na Gentry Lee walitoa riwaya tatu za mwendelezo, mwaka 1989, 1991 na 1993, ambazo zinaleta majibu kwa wingi. Zina wapenzi wake, nami siwabezi. Hata hivyo, kadiri majibu yanavyoongezeka ndivyo Rama inavyopungua, hadi silinda iliyokuwa kubwa kuliko fikra inageuka mtaa wenye ugomvi wa majirani.

Pili, kuna filamu ya Alien ya mwaka 1979, ambayo nadhani ndiyo iliyotufundisha kutarajia dubwana kila mabaharia wanapoingia katika chombo kigeni. Watu wengi wanamkumbuka yule mnyama. Mimi ninachokumbuka zaidi ni jitu lililokaukia kitini mwake ndani ya kile chombo kilichotelekezwa, lisiloelezwa na mtu yeyote. Mwaka 2012 filamu ya Prometheus ilikuja kulieleza. Tangu hapo, kila nikilitazama lile jitu, naona vazi tu.

4. Kwamba maisha hayako hivyo

Hoja hii haisemwi kwa sauti, lakini ndiyo inayobeba zile tatu: kwamba kitu kikubwa kikitujia kutoka mbali hakiwezi kupita tu. Kinaweza. Oktoba 2017 darubini ya Pan-STARRS kule Hawaii iliona kitu cha kwanza kuthibitishwa kuwa kimetoka nje ya mfumo wa Jua letu. Wapo waliotaka kiitwe Rama. Kikapewa jina la Kihawaii, ʻOumuamua, lenye maana ya mjumbe wa kwanza kutoka mbali. Kilipoonekana kilikuwa kimekwisha kulipita Jua na kinaondoka. Tulipata wiki chache za kukitazama kama nukta ya mwanga. Mwanafalaki Avi Loeb alitoa hoja kwamba huenda kimeundwa, wanasayansi wengi wakasema ni cha asili, na ushahidi zaidi hautapatikana kwa kuwa chenyewe kimekwenda. Mwaka 2019 kikaja Borisov, na 2025 kikaja ATLAS, vyote viwili vyenye dalili za wazi za nyota zenye mkia, navyo vikapita. Hata mpango halisi wa kuzitafuta asteroidi zinazoweza kuigonga Dunia uliazima jina lake, Spaceguard, kutoka kwenye riwaya hii hii. Clarke hakukwepa kazi ya kumaliza hadithi. Aliona mapema jinsi hadithi za namna hii zinavyomalizika.

Basi nimekubali nini, na nimekataa nini? Nimekubali kwamba kitabu kina mazungumzo makavu na mitazamo iliyozeeka. Nimekataa kwamba ukimya wa wajenzi ni kasoro yake. Ukimya huo ndio nguzo. Ukiuondoa, paa linashuka.

Rafiki yangu nimemwazima tena kitabu kile kile. Safari hii nimemwomba jambo moja. Akifika kwenye ile bahari iliyoganda, asiikimbilie sura inayofuata. Asimame, atazame kingo mbili, ajiulize kwa nini moja imejengwa juu mara kumi kuliko nyingine. Akipata jibu kabla ya wataalamu wa kitabuni, atakuwa ameonana na wenyewe.