Ndoana Isibebe Kosa la Kokoro

Wanaodhani kila mvuvi mdogo wa Ziwa Nyasa ni mharibifu wanakosea. Kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay, mwambao uliokuwa wa Wilaya ya Mbinga hadi ilipoundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, mharibifu ni kokoro na chandarua. Kokoro hufagia ufuko, mahali ambapo samaki wengi wa ziwa hili hulea watoto wao kinywani. Samaki wa namna hiyo huzaa wachache. Akivuliwa mama, kizazi kimekwenda naye.

Dhulumati, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi ambayo wavuvi wa pwani hunasia jodari na papa, ziwani hutegewa kambale. Ndoana kubwa haimezwi na kifaranga.

Ni kweli, dhulumati hudai chambo, mtumbwi imara na subira ya usiku kucha, hali kokoro hujaza karai kwa asubuhi moja. Ndiyo maana marufuku peke yake haitoshi. Afisa anayekamata kokoro kwa mujibu wa Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, kisha akarudi ofisini bila kuuliza mwenye kokoro atapata wapi kamba na ndoana kwa mkopo, ameifanya kazi nusu. Nusu iliyobaki humfikia mwalimu wa Liuli darasani, kwa mtoto aliyekuja na njaa.