Anayeuza Tunamwita Nani?

Hebu niambie, msomaji. Kijana akizama kwenye unga, huku kwetu Gazi tunamwita nani? Teja. Hata watoto wanalijua. Na yule anayemuuzia je? "Bosi." "Tajiri." Akichangia harambee, basi ni "mheshimiwa" kabisa.

Teja limetokana na mteja, yaani mnunuzi tu. Mnunuzi tumempachika jina la kuzomewa, mwenye duka tunampisha kiti. (Mimi nilipoacha chuo nilipewa majina ya kila aina, kwa hivyo najua jina linavyomkalia mtu.)

Si kwamba Kiswahili kimekosa neno. Mlanguzi lipo, ila hilo limebaki la taarifa ya habari. Barazani utasikia "mzigo umeingia", utadhani ni mashua imeleta pweza.

Ndugu wawili wa familia ya Akasha walikamatwa Mombasa Novemba 2014. Kesi ikapigwa danadana hadi Januari 2017, walipopelekwa New York. Huko walikiri makosa ya dawa za kulevya, na pia kwamba walihonga maafisa wa Kenya. Baktash akapewa miaka 25, Ibrahim 23. Ile hongo sisi tungeiitaje? Chai! Kinywaji cha wageni.

Juzi ufuoni mtoto wa gredi ya nne alikuwa anamzomea jirani yangu, "Teja! Teja!" Nikamshika mkono, nikamuuliza: anayemuuzia ni nani?

Hakusita hata kidogo. "Ni tajiri."