Mateka si Mali ya Aliyemkamata

Silaha ikishawekwa chini, vita baina ya mtu na mtu vimekwisha. Kinachobaki ni sheria. Hilo ni fundisho kubwa la sheria ya Kiislamu juu ya mateka wa vita, na lina maana hata Bariadi, ambako hakuna vita wala kambi ya mateka.

Katika vita vya Badri, mwaka 624, Waislamu wa Madina waliteka watu wapatao 70. Mmoja wao, Abu Aziz bin Umair, alisimulia baadaye kwamba waliomteka walimpa mkate, wao wenyewe wakala tende. Wengi walikombolewa kwa fidia. Masimulizi ya kale yanaeleza kuwa waliokosa fedha lakini wakajua kusoma walipewa watoto wa Madina wawafundishe, kisha wakaachiwa huru. Sura ya 47 ya Kurani inataja kumwachia mateka kwa hisani au kwa fidia. Sura ya 76 inawasifu wamlishao.

Wanazuoni hawakuafikiana kwa kila jambo. Wengi walimruhusu mtawala kuamuru hata kifo au utumwa, ilhali Hasan al-Basri na Ata bin Abi Rabah walichukia kuuawa kwa mateka. Hata hivyo, kanuni yao ilikuwa kwamba hatima ya mateka huamuliwa na kiongozi wa dola, wala si na askari aliyemkamata. Uchungu wa aliyefiwa haukufanywa hakimu.

Tanzania nayo ilipimwa kwa mizani hiyo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, yakaua na kupora. Mwaka 1979 Libya ilipeleka askari kumsaidia Amin. Walibya waliotekwa na kuletwa Tanzania waliwekwa kizuizini, na baada ya vita wakarejeshwa kwao. Hawakutupwa mikononi mwa umati wenye hasira.

Baada ya vita hivyo, wizi wa mifugo wa kutumia silaha ulishamiri Usukumani. Wananchi wakaunda sungusungu, na mwaka 1989 Bunge likautambua ulinzi huo kisheria. Walistahili pongezi, kwani ng'ombe ni karo, mahari na akiba ya mkulima. Lakini historia hiyo ina doa: wapo watuhumiwa waliopigwa hadi kufa pasipo kufikishwa mahakamani.

Hapo ndipo wajibu wa mwalimu na mtumishi wa serikali katika Mkoa wa Simiyu unapoanzia. Mwano ukipigwa, kila mwananchi ana haki ya kumfukuza na kumkamata mwizi. Hana haki ya kumhukumu. Mtendaji wa kijiji hana budi kuhakikisha mtuhumiwa anafika polisi akiwa hai, na mwalimu amfundishe mtoto sababu yake. Mtu aliyekwisha kufungwa kamba hawezi tena kudhuru. Anayempiga huyo hapigani na uhalifu; anautenda.