Na Sisi Tunalipia Ule Mfuko

Kuna jibu moja tunapewaga kila tukiuliza juu ya netiweki hapa Nakivale: "Hayo muulize UNHCR." Viongozi wa zoni wanalirudia, watu wa mashirika wanalirudia, na sisi wenyewe tumelimeza. Mimi nalikataa, na sababu yangu iko ndani ya sheria.

Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013 ilifanya kazi mbili. Kwanza ilipanga upya ofisi: mambo ya simu, yaliyokuwa na sheria ya 1997, na ya redio na televisheni, yaliyokuwa na ya 1996, yakawekwa pamoja chini ya Tume ya Mawasiliano, UCC. Pili ilipanga pesa: kampuni zinatozwa hadi asilimia 2 ya mapato yao yote ya mwaka, na sehemu ya pesa hizo inaingia kwenye mfuko wa kupeleka mawasiliano kule ambako biashara peke yake haitaki kufika.

Sasa mapato ya kampuni yanatoka wapi? Hayashuki na mvua. Mama anayeuza ndagala Base Camp akiweka vocha, ni mapato. Kijana wa Rubondo akinunua bando, ni mapato. Katika kila shilingi 10,000 ya mapato hayo, hadi 200 ni ya ule ushuru. Juu yake, tangu Julai 2021 kuna kodi ya asilimia 12 kwenye bando, iliyochukua nafasi ya zile shilingi 200 kwa siku za mitandao ya kijamii zilizoanza 2018. Hakuna anayekuuliza uraia wako wakati wa kulipa. Wakati wa kugawa ndiyo tunakumbushwa kuwa sisi ni wageni.

Na kuna hasara ya kutokuwepo mezani. Bodi ya UCC ina kiti cha injinia na cha mwanasheria. Cha mkimbizi hakuna, ingawa nchi hii ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2017 laini zilipodaiwa kitambulisho cha taifa, nani alikumbuka kwamba mkimbizi hawezi kuwa nacho? Watu walibaki kuazima majina ya majirani ili wapige simu. Njia ya kutumia karatasi zetu ilinyooshwa 2019. Miaka miwili, jamani.

Wengine watasema: "Kuna vijiji vya Waganda havina netiweki, mkimbizi atangulie vipi?" Hatuombi kutangulia. Kambi hii haina ukuta. Mnara ukisimamishwa Juru, mkulima wa Isingiro naye atapiga simu.

Ninyi wa mashirika, nawaheshimu. Lakini kila mkiandika mradi wa kituo cha intaneti bila kuugusa ule mfuko, mnaisaidia serikali isahau deni lake. Mradi unaisha miaka miwili, kompyuta zinafungiwa stoo, na vijana wanarudi kupanda kilima kutafuta netiweki ya kujaza fomu ya chuo. Mkikaa na wakubwa Kampala, ulizeni: kambi zimeandikwa wapi katika mpango wa mfuko, kwa jina na kwa kiasi gani cha pesa? Na wakija kukusanya maoni, waje mpaka huku, na waulize kwa Kiswahili pia.

Na sisi vijana tuache kulalamika kwenye benchi. Kila kikundi kiandike majina ya vijiji ambako simu haishiki, saa gani, na umbali wa kutembea mpaka ishike. Tukusanye, tuandike barua moja, tuipeleke UCC, nakala kwa Ofisi ya Waziri Mkuu. Tusiandike "tunaomba msaada." Tuandike: "Sisi ni wateja, tumelipa."