Damu ya mama na dhahabu yetu



Tunabishana sana kuhusu mrabaha wa dhahabu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, basi naomba nizungumzie kile ambacho dhahabu inakiacha kwenye damu ya mama.

Mchimbaji mdogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake haumchagui mjamzito, na zebaki hupita kondo la nyuma. Risasi nayo ni mjanja zaidi: hujificha kwenye mifupa miaka mingi, na mama anapobeba mimba, mifupa ikitoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, risasi inatoka nayo. Yaani mtoto anarithi sumu aliyoipata mama yake akiwa binti.

Hapa Afrika Kusini wamejaribu kupima. Utafiti wa Birth to Twenty ulioanza 1990 ulifuatilia watoto zaidi ya 3,200 wa Soweto na Johannesburg, na baadhi yao walipimwa risasi tangu damu ya kitovu. Mwaka 2006 petroli yenye risasi ikaondolewa nchini. Mwaka 2014 watafiti wakaonyesha kwamba wajawazito wa Johannesburg wanaokula udongo wana risasi nyingi kuliko wasiokula. Kina mama wenzangu, ndiyo, pemba ile ile! Mwaka huo huo pemba inayoliwa na wajawazito wa Geita ilipimwa ikakutwa na aseniki.

Nani aliwaambia? Kliniki tunampima mama wingi wa damu, kaswende, VVU. Sumu hizi hazimo.

Tena msiniambie ni ghali mno. Utafiti wa wajawazito wa machimboni kaskazini mwa Tanzania uliochapishwa 2020 ulipima zebaki kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Ni njia ile ile tunayoijua kwa vichanga wa kina mama wenye VVU: unachoma kisigino, unakausha, unatuma maabara. Kazi ngumu ni mashine za maabara, na hizo zinunuliwe kwa mrabaha huo tunaougombania.

Bila vipimo huna hoja. Kule Owino Uhuru, Mombasa, Phyllis Omido alianza kupigana na kiwanda cha kuyeyusha betri baada ya damu ya mwanawe kukutwa na risasi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi.

Waheshimiwa wabunge wa Geita na Mara, swali langu kwenu: bajeti ijayo mtaanzia kliniki ipi?