Kompyuta ya Mjomba na Kanda ya Bibi



Juma lililopita binti yangu alinionyesha katika simu yake video ya bwana mmoja wa Uholanzi anayekusanya kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980. Amezipanga rafuni kama vyombo vya bibi harusi, na huziwasha moja baada ya moja kuhakikisha kwamba zingali zikifanya kazi. Binti yangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa miongoni mwazo niliiona moja yenye herufi za Kiarabu juu ya vibonyezo, imeandikwa Sakhr, yaani mwamba. Kama hiyo ninayo kabatini, na mama watoto ameshaniuliza mara nyingi kwa nini siitupi. Leo namjibu yeye pamoja nanyi.

Kampuni ya Sakhr ilianzishwa Kuwait mwaka 1982 na Mohamed Al-Sharekh, mwanauchumi na mwandishi aliyefariki mwaka 2024, kwa nia ya kuifanya kompyuta ifahamu Kiarabu. Kompyuta zake za nyumbani zilifuata utaratibu uitwao MSX, uliotangazwa Japani mwaka 1983, ambao uliziwezesha mashine za viwanda mbalimbali, kama Sony, Yamaha na Philips, kutumia programu zile zile. Aliyesoma chuoni anaujua uzito wa kazi hiyo. Herufi ya ain ina sura moja mwanzoni mwa neno, nyingine katikati, nyingine mwishoni, na nyingine ikisimama peke yake. Sisi tulichapwa mpaka tukazishika. Mashine ile ilizichagua yenyewe: ukibonyeza herufi inayofuata, iliyotangulia hujigeuza ikaungana nayo. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilisema Subhanallah, nikalifuta neno na kuliandika tena.

Aliyetuletea ni mjomba wangu, aliyekuwa akifanya kazi Kuwait. Alikuja likizo Mombasa mwaka 1988, na kompyuta ile ameifunga ndani ya mablanketi. Tuliichomeka kwenye runinga ya barazani, nyumba nzima ikakusanyika. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64. Picha moja tu ya simu za leo haienei humo. Umeme ukikatika, kila ulichokiandika kilipotea. Ili kukihifadhi, ulilazimika kuiunganisha mashine na redio kaseti, nayo ikayageuza maandishi kuwa sauti na kuirekodi kwenye kanda ya kawaida, ile ile ya taarabu na mawaidha. Ukiicheza kanda hiyo redioni ulisikia mlio mkali, kama mbu elfu ndani ya debe. Tulikuwa tukikaa kimya dakika kadhaa tukiusikiliza, tukimwomba Mungu programu ikubali kupanda.

Mimi nilikuwa kijana, na kanda tupu hazikuwa rahisi kupatikana. Usiku mmoja nilikuwa nimemaliza mchezo wa maswali ya sira, kazi ya siku nyingi, nikaogopa umeme usije ukakatika. Katika mfuko wa mjomba niliiona kanda moja isiyo na maandishi yoyote. Nikaichukua, nikahifadhi. Majuma yaliyofuata nikaongeza programu nyingine, na nyingine tena.

Wasomaji wa rika langu wanazikumbuka barua za kanda. Simu za Ughaibuni zilikuwa ghali, na wazee wetu wengi hawakuwa na mazoea ya kuandika. Mama alikaa mbele ya redio, akazungumza na mwanawe, kisha kanda ikapewa msafiri. Kanda niliyoichukua ilikuwa barua ya bibi yangu kwa mjomba. Bibi alikuwa amefariki mwaka 1986, na mjomba hakuweza kuja kumzika. Alichobakiwa nacho katika sauti ya mama yake ni kanda ile, na alikuwa akienda nayo kila aendako.

Siku mbili kabla ya kurejea Kuwait, baada ya Isha, aliitia redioni. Ukatoka ule mlio. Nilifahamu papo hapo, mwili ukaniisha nguvu. Mama yangu alishika kichwa. Mjomba hakuizima. Aliisikiliza mpaka mwisho wa upande, na katika nafasi fupi baina ya programu moja na nyingine, sauti ya bibi ikachomoza: habari za embe, jina la jirani aliyejifungua, kisha mlio tena. Mwanzoni alipomtolea salamu pamefutika. Mwishoni alipomwombea dua pamebaki nusu.

Nilingoja kipigo. Mjomba aliichomoa kanda, akanionyesha nyuma yake kijino kidogo cha plastiki. "Hiki kikivunjwa, kanda hairekodiki tena," akasema. "Nilijua, wala sikukivunja. Tena sikuandika jina juu yake. Usiibebe peke yako, mwanangu." Kisha akakivunja kwa ncha ya kisu, akaitia kanda mfukoni. Kompyuta aliniachia. Tangu usiku ule sikumwuliza tena juu ya kanda ile, naye amekwisha kutangulia mbele ya haki, Allah amrehemu.

Ndiyo sababu siitupi mashine hii. Ilinifunza tofauti ya baina ya kuwa na kitu na kukihifadhi, kwa bei ambayo hakuilipa mimi bali mtu mwingine.

Mama zangu na dada zangu, simu zetu leo zimejaa sauti za wazee: mama akiuliza kama umekula, baba akikusomea dua ya safari. Simu hazina kijino cha kuvunja. Nafasi ikijaa, mtoto hufuta ili apate kuweka mchezo wake, wala hana kosa, kama hakuna aliyemwambia kilichomo. Simu ikiangukia majini, au ikibadilishwa, sauti hizo huenda nazo. Na ziko kanda za zamani makabatini mwetu zinazoota ukungu kila masika, wala nyumbani hamna tena redio ya kuzichezea.

Basi nawaombeni jambo dogo. Kabla ya Ijumaa ijayo, zitafuteni kanda zilizomo nyumbani na mzivunje vijino. Andikeni juu yake jina la msemaji na mwaka. Anayeweza kuzihamisha kwenye kompyuta na azihamishe, aweke nakala mbili katika nyumba mbili. Sauti za simuni mfanyieni hivyo hivyo. Na ambaye mama yake yu hai na aende akakae naye, amwombe azungumze, hata kama ni habari za embe.

Allah awarehemu waliotutangulia, na atusamehe tulivyovipoteza katika amana zao.

Wabillahi tawfiq.